Simu ya Upepo ya Majirani: Habari za Pwani ya Kilwa

Waya wa kwanza ulioiunganisha pwani yetu na ulimwengu ulilazwa chini ya bahari mwaka 1879. Ulitoka Aden ukafika Unguja, na kutoka Unguja ukaendelea hata Msumbiji na Durban. Mtu akiitazama ramani ataona ya kuwa waya ule, katika safari yake ya kusini, ulipita mbele ya Kilwa na Lindi wala haukutua. Baada ya miaka 130 ukaja mkongo wa SEACOM, mwaka 2009, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Yote miwili ilitua Dar es Salaam, na yote miwili ilipita katika bahari ile ile ya kusini pasipo kuigusa nchi ya Kilwa. Hivyo bandari aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331 na kuisifu kwa uzuri wake, bandari ambayo zamani habari za Bahari ya Hindi ziliifikia pamoja na shehena za jahazi, imekaa mara mbili kando ya njia ya habari ikisubiri ziletwe kutoka kwingine.

Nchi ya kusini imezoea kusubiri. Hata daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa na Lindi alivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika aghalabu hakuvuka kabisa. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulisogezwa kwa nchi kavu hata mikoa ya kusini, na minara ya simu ikaota juu ya minazi. Lakini mkongo ufikao mjini haujafika nyumbani. Hatua ya mwisho, ile itokayo mnarani hata barazani kwa mtu, ndiyo ghali kuliko zote kwa mwenye kipato kidogo, na hapo ndipo majirani wanapoanza kutazamana.

Jambo hili si geni. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa mwaka 1923, nakala moja iliweza kuwatosha watu wengi, maana ajuaye kusoma alisoma kwa sauti, na asiyejua alisikia, akauliza, akabisha. Ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na miaka miwili kabla yake kilikuwa kimetokea katika Rhodesia ya Kaskazini chombo kidogo cha duara, mfano wa sufuria, kilichouzwa paundi 5, yaani shilingi 100 za wakati ule, na kutumia betri kavu. Shilingi 100 hazikuwa fedha za mchezo kwa mkulima wa minazi. Kwa hiyo redio ilikuwa ya mtu mmoja, na masikio yalikuwa ya mtaa mzima. Watu walikusanyika, na habari ilipokwisha ndipo maneno yalipoanza. Desturi hiyo haikuvunjwa na ugomvi. Ilivunjwa na bei: redio za transista zilipokuwa rahisi, kila mtu akaenda na yake, hata shambani.

Wazee waliita redio na mawasiliano yasiyo na waya kwa jina la simu ya upepo. Jina hilo lingalifaa sana kwa kitu hiki kipya, maana neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu sehemu fulani za mawimbi zitumike pasipo leseni ya kila mtumiaji. Mwaka 1997 ikatoka kanuni ya kwanza ya kuunganisha mashine kwa mawimbi hayo. Na mwaka 1999 wafanya biashara wakakichagulia kitu hicho jina la Wi-Fi. Hawakujua, nadhani, kwamba katika pwani yetu wifi ni dada wa mume, jamaa wa karibu ambaye pengine hupendwa na pengine huogopwa, na ambaye kwa vyo vyote hawezi kuzuiwa kuingia nyumbani. Sijapata kuona jina la kigeni lililobahatika kama hilo.

Utaratibu wake ni mwepisi kuusema. Mmoja huwa na ruta, hulipia kifurushi cha mwezi, na jirani huchangia. Pasipo ruta, simu ya mkononi hutosha. Kijana humwambia mwenziwe, "Niwashie hotspoti," naye huwasha, na wawili au watatu hukaa karibu wakila bando la mmoja. Taabu huanza katika kuta. Nyumba za kale za Kilwa Kivinje zilijengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa, kuta nene zilizokusudiwa kuzuia joto, nazo huzuia mawimbi kadhalika. Majani mabichi ya mwembe, yaliyojaa maji, huyanywa mawimbi hayo. Kwa hiyo atakaye kuufikia mtaa hana budi kuinua antena juu ya paa, mahali inapoonana na mwenzake. Zikionana vema, antena mbili zenye kuelekezwa huweza kuvuka hata mlango wa bahari ulio kati ya Kilwa Masoko na Kisiwani.

Taabu ya pili haina antena. Watu hupenda kuulinganisha mtandao wa majirani na kisima, na mimi nilifanya hivyo zamani, lakini sasa naona mfano huu umepungua. Achotaye maji kisimani huonekana, na ndoo zake huhesabika. Kijana aliyejifungia chumbani akitazama picha za sinema usiku kucha hunywa fungu la wote, na asubuhi hakuna ajuaye kisima kimekaushwa na nani. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama ya kidole, na kidole ni cha mtu mmoja. Jirani akiandika neno baya kwa njia yangu, laini ni yangu. Kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye maduka ya intaneti kuweka hata kamera. Simlaumu, basi, mwenye ruta abadilishaye neno la siri kila Ijumaa.

Kwingine watu walitafuta mgongo mpana zaidi. Gulu, Uganda, mpango wa BOSCO chini ya Kanisa Katoliki, tangu mwaka 2007, ulizifikisha kambi za waliohamishwa na vita kwenye mtandao kwa mawimbi na umeme wa jua. Kwetu, walimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walisaidia kuanzisha mtandao wa jamii wa Kondoa, wakijaribu mawimbi yaliyoachwa wazi baina ya idhaa za televisheni. Hapo mwenye kujibu si kidole cha mtu mmoja, bali ni jamii yenye jina na chuo nyuma yake. Pwani ya Lindi ingeweza kuanzia shuleni kwa njia hiyo hiyo.

Lakini swali linalonisumbua si la leseni. Redio ya mwaka 1951 ilikuwa sauti moja kwa masikio mengi. Mtandao wa mtaa ni njia moja kwa macho mengi, na kila jicho lina safari yake. Twashiriki gharama, hatushiriki habari. Mei 2024 jambo hili lilionekana wazi. Baada ya Kimbunga Hidaya mvua ziliikata barabara kuu katika Wilaya ya Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huo mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika mbali huko kusini, mtandao ukadhoofika nchi nzima. Mawimbi baina ya nyumba na nyumba hayahitaji mkongo. Ruta yenye umeme huweza kuipeleka barua ya mtaa huu hata mtaa wa pili pasipo kutoka nje ya mji. Lakini hakuna aliyekuwa ameweka kitu cho chote cha mtaa ndani yake. Kila ujumbe wa jirani kwa jirani hupitia nchi za mbali ndipo urudi mlango wa pili.

Tarikh ya Kilwa yenyewe iko hivyo. João de Barros alichapisha muhtasari wake kwa Kireno mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa London. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko atakaye kuyasoma majina ya masultani wa mji wake huwasha bando, na maneno humjia kutoka Uingereza, kwa njia ya bahari, yakitua kwanza Dar es Salaam.