"Laini" Moja, Maana Tatu: Historia Fupi ya Istilahi za Simu za Ofisini

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi istilahi za simu zilivyofuatana na mabadiliko ya mitambo, na jinsi nyingine zilivyoachwa nyuma. Hoja yetu ni kwamba neno lililofungamana na kifaa hupotosha mara kifaa kinapobadilika. Lililofungamana na kazi hudumu.

Neno "simu" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Waya wa chini ya bahari ulipofika Unguja mwaka 1879, simu ilikuwa habari iliyogongwa kwa ufunguo, wala haikuwa sauti. Sauti ilipokuja, ilibidi watu watofautishe "simu ya maandishi" na "simu ya mdomo". Leo simu nyingi hazina waya kabisa, lakini neno halikufa, kwa kuwa wasemaji walikwisha kulitoa kwenye waya na kulitia katika kazi ya kupashana habari.

Neno "laini" halikupata bahati hiyo. Chini ya Shirika la Posta na Simu Tanzania, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, laini ilikuwa waya uliotoka nguzoni hadi kwenye swichibodi ya ofisi. Ofisi yenye laini nne iliweza kuzungumza na watu wanne wa nje kwa wakati mmoja. Simu za mkononi zilipoenea, laini ikawa kadi. Na hadi leo anayetaka laini Mchikichini au Kariakoo huuziwa kadi. Kisha mikongo ya baharini ikafika Dar es Salaam, wa SEACOM ukitangulia mwaka 2009, na simu za ofisini zikaanza kupita katika intaneti. Humo sauti hugeuzwa vipande vya data, na swichibodi ni programu tu, pengine iliyo katika kompyuta ya mbali. Laini sasa ni idadi ya maongezi yanayoruhusiwa kwa mara moja.

Basi, ofisi ya Mchikichini ikiandika katika mkataba "laini kumi", fundi mmoja ataleta kadi kumi, wa pili atavuta nyaya kumi, na wa tatu ataruhusu maongezi kumi. Wote watatu watakuwa na haki kwa mujibu wa lugha. Jambo hili si dogo, kwani tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, na hakimu atasoma neno lile lile.

Hivyo tunapendekeza:

1. njia ya maongezi: nafasi ya mazungumzo mamoja na mtu wa nje;
2. namba ya ndani: namba ya kila meza. Namba za ndani 40 zaweza kutoshelezwa na njia 10, kwa kuwa si wote huzungumza na nje kwa pamoja;
3. kadi ya simu: kadi itiwayo katika simu ya mkononi;
4. swichibodi ya intaneti: programu iunganishayo maongezi.

"Simu ya mezani" nayo itumiwe kwa hadhari. Ile ya zamani ilipata umeme kwa waya wake kutoka kituo cha simu. Ya intaneti hunyamaza umeme wa ofisi ukikatika, isipokuwa pana akiba. Mfasiri asiyelibainisha hilo humwahidi mteja kitu ambacho hakimo ndani ya mtambo.

Neno "laini" libaki sokoni, ambako linaeleweka vyema. Katika mikataba, kila kazi na ipewe jina lake.