Joto bila Moshi: Namna Ndege Ndogo Zilivyojifunza Kumpasha Rubani Wake



Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, mtu wa Kolwezi hahitaji kuambiwa kwamba mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Baridi yenyewe inamwambia. Makoti yanatoka kwenye masanduku, na mbabula inapata heshima yake. Sasa mfikirie mtu aliye mita 1,500 nyingine juu ya hapo, ndani ya ndege ya watu wawili aliyoijenga mwenyewe kwenye garaji yake. Kwa kawaida hewa inapoteza nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama chini kuna nyuzi 12, kule juu zinabaki 2 tu. Ukuta wa ndege ni bati jembamba la alumini, upepo unapita nje kwa kasi, na vidole vinavyoshika usukani vinaanza kukataa kutii.

Ndege ya kujijengea si ndoto ya Wazungu peke yao. Karibu na mwaka 2010, jirani zetu Wakenya walimwona Gabriel Nderitu wa Nyeri akijenga ndege kwa mikono yake. Huku kwetu pia vijana wenye akili ya namna hiyo hawakosekani. Wengi wakianza, wanafikiria mabawa na injini. Hita inakuja mwisho kabisa, kama kitu cha starehe. Historia inaonyesha kwamba hicho kitu cha starehe kimeua watu waliokuwa na mabawa mazuri na injini nzuri.

Tuanze mwanzo. Ndege za kwanza hazikuwa na hita kwa sababu hazikuwa hata na chumba. Rubani alikaa nje, kwenye upepo. Tarehe 12 Februari 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels kuja Léopoldville, safari ya kwanza ya ndege kati ya Ubelgiji na Kongo. Walifika tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Ndege yao, Handley Page ya injini tatu, ilikuwa na chumba cha abiria, lakini marubani walikaa wazi, na walianza safari katikati ya baridi ya Ulaya. Dawa ya wakati huo ilikuwa nguo: ngozi, manyoya, glavu nene. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, rubani Sidney Cotton wa Australia aligundua kwamba ovaroli yake chafu, iliyojaa mafuta ya injini, ilimkinga baridi kuliko mavazi ya wenzake. Kutoka hapo alibuni suti ya kurukia iliyoitwa Sidcot, kifupi cha jina lake.

Marubani hao waliteseka kwa baridi, lakini moshi wa injini ulichukuliwa na upepo. Chumba kilipofungwa kwa vioo na milango, wakapata raha, na pamoja na raha wakapata adui mpya.

Adui huyo tunamfahamu sisi watu wa makala. Mbabula ikiwaka nje, haina neno. Ukiiingiza ndani ya nyumba, ukafunga dirisha na mlango juu ya baridi, watu wanalala na wengine hawaamki. Njo maana mama wa Katanga hachoki kupiga kelele: "Tosha ile mbabula inje!" Makala yasiyopata hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Injini ya petroli inatoa gesi hiyohiyo, tena kwa wingi zaidi.

Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeonyesha, katikati ya karne ya 19, kwamba gesi hii inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Hemoglobini inaipenda kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Yaani ukiiweka kidogo tu hewani, damu inaichagua hiyo na kuiacha oksijeni. Halafu akaja Mskoti John Scott Haldane. Mwaka 1895 aliivuta gesi mwenyewe makusudi na kuandika mwili wake unavyobadilika. Mwaka uliofuata alieleza kwamba wachimbaji wengi waliokufa baada ya milipuko ya migodi ya makaa ya mawe hawakuuawa na mlipuko, waliuawa na hewa iliyobaki nyuma yake. Ni yeye aliyependekeza wanyama wadogo washuke mgodini kama kipimo, maana wanalewa gesi kabla ya mtu. Ndege wadogo waitwao kanari waliendelea na kazi hiyo Uingereza hadi 1986.

Kwa hiyo wakati ndege zilipofungwa vyumba, sayansi ilikuwa imeshajua kila kitu. Mafundi hawakukosa elimu. Walichokosa ni sehemu nyingine ya kutoa joto.

Fikirieni injini inayopozwa kwa upepo, ambayo ndiyo imetawala ndege ndogo hadi leo. Haina maji wala radieta. Sehemu yenye moto wa bure ni bomba la moshi. Basi fundi analivisha bomba hilo koti la bati, anaacha nafasi kati ya koti na bomba, anaingiza hewa safi kutoka mbele ya ndege, hewa inapashwa pale kati, halafu inaelekezwa miguuni kwa rubani. Ni akili rahisi, nyepesi, haina gharama. Wazee wetu walioendesha Volkswagen Coccinelle walipashwa joto kwa namna ileile.

Tatizo ni hili: kati ya moshi na pumzi ya rubani kuna ukuta mmoja tu wa chuma, usiozidi unene wa milimita moja hivi. Ukuta huo unaungua, unapoa, unatetemeka, kila siku. Siku moja unapasuka. Ufa wenyewe umefichwa chini ya koti, hakuna anayeuona. Na rubani anafungua hita siku gani? Siku ya baridi, siku ambayo amefunga kila tundu la hewa.

Mwezi wa 12 mwaka 1997, daktari mmoja wa Kansas, Marekani, alikuwa peke yake ndani ya ndege yake, Piper Comanche. Alisinzia. Mtambo wa kujiongoza uliendelea kushika njia, ndege ikapita mji aliotaka kutua, ikaendelea mpaka petroli ikaisha, ikashuka yenyewe kwenye shamba la majani huko Missouri. Aliamka akiwa amekaa palepale, akatembea kutafuta msaada. Bomba la moshi lilikuwa na ufa. Huyo alikuwa na bahati ambayo mtu haipati mara mbili.

Emiliano Sala hakuipata. Wapenzi wa mpira mnamkumbuka: mshambuliaji wa Argentina, ametoka Nantes, amenunuliwa na Cardiff City. Usiku wa tarehe 21 Januari 2019 ndege ndogo iliyombeba, Piper Malibu ya injini moja, ilianguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Damu yake ilipopimwa, asilimia 58 ya hemoglobini ilikuwa imeshikwa na kaboni monoksidi. Wachunguzi wa Uingereza walisema mwaka 2020 kwamba rubani David Ibbotson pia huenda alikuwa ameathirika, na akapoteza uwezo wa kuiongoza ndege. Ndani ya ndege hiyo hakukuwa na kipimo cha kupiga kelele gesi inapoingia.

Si kisa kimoja wala viwili. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilihesabu ajali 31 za gesi hii kati ya 1982 na 2020. Katika hizo, 23 ziliua, na watu 42 walikufa. Ni ndege moja tu kati ya zote iliyokuwa na kipimo.

Tuulize sasa: je, mafundi walikaa tu? Hapana. Walijaribu njia tatu za kuukimbia ule ukuta mwembamba.

Njia ya kwanza ni hita yenye moto wake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilienea hita kama Janitrol za Marekani: jiko dogo linalochoma petroli ya ndege yenyewe, mbali na injini. Zinatoa joto jingi, na ndege za injini mbili zilizipenda. Lakini nazo zina ukuta unaoweza kupasuka, na juu yake umeongeza moto na petroli ndani ya mwili wa ndege. Njo maana sheria zinadai zipimwe kwa shinikizo mara kwa mara. Kwa ndege ya kujijengea, ni mzigo mzito na hatari mpya.

Njia ya pili ni maji. Mwaka 1989 kampuni ya Rotax ya Austria ilitoa injini ya 912, ambayo vichwa vyake vinapozwa kwa maji, na ikawa kipenzi cha wajenzi wa ndege nyepesi. Hapo unaweza kuweka radieta ndogo ndani ya chumba, sawa na ile ya Land Cruiser. Maji yakivuja, utaloana na kuona mvuke kwenye kioo. Utakasirika, lakini utakuwa macho. Hewa inayopita kwenye radieta ya oili nayo inaweza kutumika kwa akili hiyohiyo: mafuta yakivuja, pua inajua.

Njia ya tatu ni umeme, na hapa Lualaba inaingia na miguu miwili: waya wa shaba na betri yenye kobalti. Lakini tupige hesabu kama watu waliosoma. Jenereta ya Rotax 912 inatoa wati 250 hivi, nayo ina redio na taa za kulisha. Pasi ya nguo peke yake inakula wati 1,000. Umeme huo hautapasha chumba chote. Unaweza kupasha jaketi, glavu na kiti. Yaani baada ya miaka mia tumerudi kwa Sidney Cotton: mpashe mtu, usipashe chumba.

Na anayelazimika kutumia koti la bomba la moshi afanyeje? Wazoefu wameshalipa ada ya somo hili. Bomba liwe chuma kisichoshika kutu, na koti liweze kufunguliwa kirahisi, ili jicho lifike. Hewa iingie kutoka mbele, pasipo na mvuke wa petroli wala moshi. Kwenye ukuta wa moto unaotenga injini na chumba, kuwe na kifuniko cha chuma, si cha plastiki, ambacho kikifungwa kinatupa hewa ya moto nje. Kila tundu la waya kwenye ukuta huo lizibwe. Bomba litoe moshi mbali na milango, kwa sababu hewa inayozunguka mwili wa ndege inaweza kuufyonza moshi na kuurudisha ndani kupitia nafasi ya mlango, hata kama hita ni nzima. Wakati wa ukaguzi, mafundi wanapuliza hewa ndani ya bomba na kulipaka maji ya sabuni. Povu likitoka, ufa umejitaja. Utafiti wa mamlaka ya anga ya Marekani wa mwaka 2009 ulishauri bomba lililopita saa 1,000 libadilishwe.

Mwisho kabisa, kipimo chenye sauti. Zile kadi zinazobadilika rangi hazitoshi, maana gesi hii inashika akili kwanza. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasinzia, anajiona yuko sawa, na hatazami kadi yoyote. Kwa ndege ndogo zinazotengenezwa viwandani, kanuni ya Marekani hadi mwaka 2017 ilitaja kikomo chenyewe: gesi hii isipite sehemu 1 kwa 20,000 za hewa ya chumba. Aliyejenga nyumbani hawekewi kipimo hicho na mtu. Anajiwekea mwenyewe. Uingereza ilichoka kuomba: tangu 1 Januari 2025, ndege nyingi za injini za pistoni zinazobeba abiria lazima ziwe na kipimo cha kutoa onyo. Kikilia, rubani anazima hita, anafungua hewa ya nje, anavuta oksijeni kama ipo, na anatua. Hasubiri kujisikia vizuri, kwa sababu katika hewa ya kawaida damu inahitaji saa 4 au 5 kupunguza nusu tu ya gesi hiyo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo linatuhusu sisi zaidi. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na cha California walitengeneza unga ulioitwa hopkaliti, kwa kuunganisha majina ya vyuo hivyo viwili. Unga huo unageuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, na ukifanya kazi unatoa joto linaloweza kupimwa. Kwa hiyo ulitumika katika vipimo vya kwanza vya gesi, na katika vifaa vya kujiokoa ambavyo wachimbaji wa chini ya ardhi walivaa kiunoni. Umetengenezwa kwa nini? Oksidi ya shaba na oksidi ya manganizi. Shaba iko hapa Kolwezi. Manganizi iko Kisenge, katika jimbo letu hilihili la Lualaba.

Tunakalia madini ya dawa, na bado kila baridi kuna nyumba ambayo mbabula inalala ndani pamoja na watoto. Kijana anayechora hita ya ndege na kijana anayechora jiko la jirani wana swali moja la kujibu kwenye karatasi kabla ya kushika bisibisi: moshi unapita wapi, pumzi inapita wapi, na ukuta ulio katikati nitaukagua lini? Asiye na jibu la sehemu ya tatu avae jaketi la pili kwanza.