Kulipa Deni kwa Mkono Wako Mwenyewe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunausia nafsi zetu nanyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twataka kuzungumza juu ya deni. Hatusemi juu ya ubaya wa kukopa, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikopa, na alipofariki dunia deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa pishi za shayiri. Twasema juu ya namna ya kulipa. Siku hizi wako watu wanaomwendea mdaiwa aliyeelemewa na kumwambia: "Tupe fedha zako kila mwezi, utulipe na ujira, nasi tutasema na wadai wako." Mtu huyo amekwisha kuwa na mizigo mitatu, naye huongezewa wa nne. Je, kazi hiyo haiwezi kufanywa na mdaiwa mwenyewe? Tuitazame historia, tukianzia hapa kwetu milimani.

Wazee wa Upare wanaijua habari ya mbiru. Katika miaka ya 1940, chini ya utawala wa Waingereza, watu wa Upare walitozwa kodi iliyopimwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, juu ya ile kodi ya kawaida waliyoizoea. Wakadiriaji walitazama, wakaandika, na mtu akaambiwa kiasi chake. Watu hawakuridhika. Mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai mpango ule uondolewe. Baadaye wanawake wa Usangi nao walitembea kwa miguu hadi Same kuwaunga mkono waume zao. Kufikia 1947 mpango ule uliachwa.

Kodi si deni la mkopo, twalijua hilo. Lakini liko jambo moja la kujifunza. Watu wale hawakuwa wakikataa kila malipo. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja kinachojulikana. Walilolichukia ni hesabu iliyofanywa na mwingine, ambayo mlipaji hawezi kuikagua.  Walikwenda wenyewe, wakasema wenyewe. Basi ikiwa mababa na mama zetu walitembea safari ndefu kwa ajili ya hesabu ya kodi, itakuwaje mmoja wetu aone uzito kutembea hadi dukani kwa anayemdai?

Na jambo hili la kuhesabu deni kwa mkono wako lina asili kongwe zaidi. Twende Madina.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, sawa na mwaka 625, alikufa shahidi Abdullah bin Amr bin Haram. Aliacha mabinti na deni kubwa, na mwanawe Jabir hakuwa na kitu ila tende za shamba. Wadai walikataa kupunguza. Mtume (s.a.w.) hakumwambia Jabir akakope kwingine ili alipe. Alimwamuru azipange tende aina mbalimbali, kila aina kando, kisha awaite wadai. Wakapimiwa mmoja mmoja hadi kila mtu akapata haki yake, na tende zikabaki. Baraka ile ilikuwa ya Mwenyezi Mungu; lakini angalieni kwamba kabla ya baraka yalitangulia mambo mawili: kupanga kilichopo, na kuwaita wenye haki.

Mwaka wa 36 Hijria, sawa na 656, aliuawa Zubayr bin Awwam (r.a.). Watu walikuwa wakimwekea fedha zao amana, naye husema, "Hapana, na liwe deni," kwa kuchelea isipotee, kwani amana ikipotea bila uzembe hailipwi, na deni hulipwa. Mwanawe Abdullah alipokaa kuhesabu, alikuta madeni 2,200,000. Fedha taslimu haikuwapo. Palikuwa na nyumba na ardhi. Abdullah aliiuza ardhi ya Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, ikapata 1,600,000, akawaita wadai waje wachukue haki zao. Ndugu zake walipotaka urithi ugawanywe, alikataa. Kwa miaka minne, kila msimu wa Hija, alitangaza kwamba anayemdai Zubayr na ajitokeze alipwe. Ndipo akagawa. Deni kubwa kuliko yote tuwezayo kuyawaza lililipwa na mtoto aliyekaa chini, akahesabu, akauza, akatangaza, akasubiri.

Na mdai na mdaiwa wakigombana? Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti hata sauti zikapanda. Mtume (s.a.w.) akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali, na papo hapo yule mwingine akaamriwa ainuke alipe. Huo ndio upatanishi wetu: mtu mwenye heshima, neno la haki, bila ujira. Na katika mtaa wetu hawakosekani imamu, mzee au jirani mwema wa kuifanya kazi hiyo kwa thawabu.

Sasa, ndugu zetu, tuyatie mambo haya katika matendo.

Kwanza, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Nunua daftari. Andika jina la kila mdai, asili ya deni, kilicholipwa, kilichobaki na siku ya ahadi.

Pili, hesabu kinachoingia. Mkulima wa tangawizi wa Mamba au wa mpunga wa Ndungu hapati mshahara wa mwezi. Basi ahadi zake zifuate mavuno. Toa kwanza chakula na mahitaji ya watoto, kisha uone kinachobaki.

Tatu, gawa kwa uwiano. Sisi wa milimani twajua maji ya ndiva yakipungua hayaachiwi shamba moja. Kila mwenye haki hupata zamu yake. Tuseme mtu anadaiwa 600,000: dukani 300,000, kwa jirani 200,000, kwa fundi 100,000. Naye aweza kutoa 60,000 kwa mwezi. Na ampe wa kwanza 30,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000. Baada ya miezi kumi wote wamemalizwa kwa siku moja. Lakini akimpa wakala ujira wa 6,000 kila mwezi katika fedha hizo hizo, baada ya miezi kumi bado atadaiwa 60,000.

Nne, mwendee mdai kabla ya siku ya ahadi, si baada yake. Mwonyeshe daftari. Usiahidi usichoweza. Ukilipa, chukua stakabadhi, au weka mashahidi, na ujumbe wa malipo ya simu usiufute.

Tano, usifungue deni la riba ili kufunga deni jingine. Mikopo hiyo watu wenyewe wameiita "kausha damu", na jina latosha. Aliyekwisha kuingia atubie, na atafute kutoka upesi. Na ajue kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayefanya biashara ya kukopesha hutakiwa kuwa na leseni. Anayetishwa na asiye na leseni asinyamaze.

Nanyi mnaodai, sikieni. Mwenyezi Mungu ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafasi, na kusamehe ni bora zaidi. Zamani za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alipata hasara ya matunda aliyoyanunua, deni likamzidi. Watu wakamchangia sadaka, isitoshe. Mtume akawaambia wadai wachukue walichokipata, hawana zaidi ya hicho. Na wenye zaka wakumbuke kwamba wadaiwa walioelemewa ni miongoni mwa mafungu manane.

Ndugu Waislamu, deni hufuata mtu hata kaburini. Usiwaachie watoto wako deni wasilolijua. Usiku wa leo, baada ya Isha, fungua daftari, uandike jina la kwanza.

Ewe Mola wetu, tutoshelezee kwa halali yako tusiihitaji haramu, utuondolee mzigo wa madeni, na uwalainishe nyoyo wanaodai na wanaodaiwa. Amin.