Kodi ya kiwanja cha Ng'ambo

Bibi yangu mzaa mama alipewa ufunguo wa nyumba ya Michenzani baada ya nyumba yake ya udongo kuvunjwa. Alishukuru, na hadi anafariki hakuacha kumwombea dua Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Hata hivyo, alipotusimulia habari za makaazi hakuanzia kwenye ufunguo huo. Alianzia kwenye kodi ya kiwanja, na mwaka wa 1928, pale mama yake na majirani zake walipokataa kuilipa. Skuli hatukusomeshwa habari hiyo. Tulisomeshwa Mapinduzi ya Januari 1964, na ni haki yake. Ila mimi naamini kwamba juhudi za kumwezesha mnyonge wa mji wa Unguja kubaki chini ya paa lake zilianza na watu wa Ng'ambo wenyewe, miaka 36 kabla ya Mapinduzi.

Zamani mkono wa bahari uliigawa Unguja mjini pande mbili. Magharibi yake palisimama majumba ya mawe ya matajiri na mabalozi. Mashariki, ukivuka daraja, ilikuwa Ng'ambo, mji wa nyumba za udongo na makuti. Huko ndiko walikoishi wachukuzi, wavuvi, mafundi, mayaya, wapishi na mabaharia. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa utumwa katika sheria, na wengi waliokuwa watumwa wa mashamba wakaingia mjini kutafuta maisha. Walifikia Ng'ambo. Walikata fito, wakasimamisha boriti, wakakandika udongo, wakaezeka makuti. Nyumba ikawa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba hizo. Mjane aliyekuwa na vyumba vitatu alilala kimoja, viwili akapangisha, akapata riziki yake bila kumpigia mtu magoti.

Lakini nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Kwa sheria iliyotumika Unguja, jengo na kiwanja vinaweza kuwa na wenyewe wawili, kama vile mnazi unavyoweza kuwa wa huyu na udongo wa yule. Viwanja vya Ng'ambo vilikuwa mali ya koo za Waarabu na wafanyabiashara wa Kihindi, na sehemu kubwa ilikuwa wakfu. Hapo mwanzo jambo hili halikuumiza sana. Mwenye ardhi wa karne ya 19 alitaka watu wa kumzunguka, wamwamkie, wamsaidie kwenye shughuli zake. Mtu akijenga kwenye kiwanja chake hakumdai kitu. Wakfu nao ulitolewa kwa ajili ya Mungu. Wapo matajiri walioandika kwamba eneo fulani wakae mafukara, au wakae waliokuwa watumwa wao na vizazi vyao. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa huduma kongwe ya makaazi katika mji huu, na iliendeshwa bila ofisi wala karani.

Mambo yaligeuka Waingereza walipoanza kuusimamia wakfu. Kamisheni ya Wakfu iliundwa mwaka 1905, na maofisa wake walitazama mali hizo kwa jicho la hesabu: kila kiwanja kinapaswa kuingiza fedha. Waliokaa bure wakaanza kuandikiwa kodi. Wenye ardhi binafsi nao, mji ulipokuwa ukipanuka na viwanja kupata thamani, wakafuata njia hiyohiyo. Heshima ikabadilishwa kwa rupia. Jambo hili linanikera kila ninapolifikiria, kwa sababu aliyetoa wakfu alikuwa kaburini na hakuweza kusema kwamba nia yake ilikuwa kumsitiri fukara, si kumtoza.

Kuna jambo moja ambalo asiyeijua nyumba ya udongo anaweza asilione. Mpangaji wa chumba akishindwa na kodi hubeba mkeka na sanduku lake akatafuta kwingine. Mwenye nyumba ya udongo akishindwa na kodi ya kiwanja anapoteza nyumba nzima. Anaweza kung'oa mlango na madirisha, pengine na boriti, lakini kuta haziondoki. Fedha na jasho la miaka vinabaki pale kwenye ardhi ya mtu mwingine. Na wale waliopanga vyumba ndani yake wanatoka naye. Kwa hiyo kodi ya kiwanja ikipanda, mtikisiko wake unamfikia hata baharia aliyekodi kitanda kusubiri msimu wa kusi.

Katika miaka ya 1920 kodi zilipanda mfululizo, na wasioweza kulipa wakapelekwa mahakamani. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma. Waligoma mtaa baada ya mtaa, wanaume kwa wanawake, Waswahili wa mjini, Wamanyema, Wangazija na watu wa asili nyingine. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ardhi hii ilikuwa mapori na matope, sisi ndio tuliofyeka na kujenga, mbona tuilipie? Bibi alitusimulia kwamba mama yake alikuwa akiketi barazani mlango wazi, anasuka ukili, na karani wa kodi akija anaitikiwa salamu kwa adabu zote lakini fedha hapewi.

Mwaka huohuo Siti binti Saad, msanii wa Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na 1928 yake tunaikumbuka. Ya wagomaji tumeiacha ikapotea, ingawa walikuwa majirani zake na wasikilizaji wake.

Mgomo ule ulizaa matunda. Serikali ya mkoloni, iliyozoea kuwasikiliza wenye ardhi tu, ililazimika kuingilia kati na kutunga sheria ya kudhibiti kodi ya viwanja. Haikuwapa watu ardhi, na wala haikumaliza ugomvi. Ila iliweka mpaka: mwenye kiwanja hawezi tena kupandisha kodi atakavyo. Sheria hiyo haikujenga hata chumba kimoja. Iliwaacha watu ndani ya vyumba walivyokuwa navyo, na hilo ndilo walilolitaka.

Serikali hiyo ilipojaribu kujenga, haikufika mbali. Mpango wa mji uliotungwa na H. V. Lanchester mwaka 1923 ulibaki zaidi kwenye karatasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili kulijengwa kituo cha Raha Leo na nyumba za mfano kando yake, chini ya Katibu Mkuu Eric Dutton, na baadhi ya wakaazi walibomolewa nyumba zao kupisha mradi uliodaiwa kuwa ni kwa faida yao. Mafukara wasiokuwa na mtu kabisa walikuwa wakipelekwa Welezo, nje ya mji, ambako watawa wa Kikatoliki waliwatunza wazee na wagonjwa.

Mwezi Machi 1964, wiki chache baada ya Mapinduzi, Karume alitangaza kwamba ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Kodi ya kiwanja ikafa. Wengi husimulia majumba, lakini mimi naona tangazo hili lilifanya kazi kubwa kuliko zege lote lililofuata, kwani kwa mara ya kwanza mwenye nyumba ya udongo alilala akijua hakuna wa kumgongea mlango mwisho wa mwezi.

Kisha yakaja majumba. Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga ghorofa za Kikwajuni na Kilimani. Michenzani yakafuata majengo marefu, mengine karibu mita 300, yaliyonyooka kandokando ya barabara kuu zinazokutana kwenye mzunguko. Watu waliitwa kujenga taifa, wakabeba mawe na kokoto kwa mikono. Waliovunjiwa walipewa nyumba bila malipo. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 majengo yakiwa bado hayajakamilika, na kazi ikaendelezwa baada yake. Ghorofa za namna hiyo zilijengwa pia Makunduchi, Bambi, Wete na Mkoani. Wazee wasio na watoto wakatengenezewa makaazi Sebleni.

Sitadharau zawadi ile, nimelelewa ndani yake. Lakini bibi hakuulizwa kama anataka kuhama. Uani alikopikia na kufuga kuku ulitoweka, majirani wakatawanywa, na maji mara nyingi hayakupanda ghorofa ya juu, tukawa tunayabeba kwa ndoo. Nyumba ya bure isiyokuwa na fungu la matengenezo huanza kuchakaa siku ya kwanza.

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar inampa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni, mwanzo shilingi 20,000 kwa mwezi, na kuanzia 2023 shilingi 50,000. Nimewaona wazee wa mtaani kwetu wanaoitumia kulipia umeme na kununua mabati ya kuzibia paa linalovuja, wakabaki nyumbani kwao. Naipenda huduma hii kwa sababu hiyohiyo inayonifanya niuenzi mgomo wa 1928: haimng'oi mtu pale alipo.

Naomba wizara inayosimamia elimu iutie mgomo ule katika vitabu vya historia vya skuli zetu. Na wewe msomaji wa Ng'ambo, ukiwa na risiti ya kodi ya kiwanja iliyoachwa na babu au bibi yako, usiichome na takataka. Ipeleke Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, na kama mzee wako yu hai, keti naye umwulize kiwanja chao kilikuwa cha nani.