Mkono Mmoja Haulei Mwana: Malezi ya Watoto Kilosa na Mikumi

Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Msemo huu hutajwa mara nyingi katika hotuba na mikutano, na kwa kuwa hutajwa mara nyingi, wengi wetu hatuuchunguzi tena. Katika insha hii tunakusudia kuupima kwa historia na kwa hesabu. Twataka kujua mtoto aliyefiwa na wazazi, au aliyetengana nao, amelelewa na mikono ya nani katika nchi yetu, na kama mikono hiyo imepata kuandikwa mahali popote. Tumechagua wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wake wa Mikumi, kwa sababu huko zimekutana sheria ya zamani ya ukoo, njia ya misafara, reli, mashamba ya mkonge na barabara kuu. Na kila kimoja kati ya hivyo kimebadilisha maana ya kulea.

Wenyeji wa Kilosa, yaani Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ni watu wanaofuata ukoo wa mama. Mtaalamu wa elimu ya jamii T. O. Beidelman, aliyeanza kuishi na kuchunguza miongoni mwa Wakaguru mwaka 1957, aliandika kwa kirefu habari za mfumo huo. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye tangu anapozaliwa. Mjomba ndiye mwenye sauti kubwa juu yake, na dada za mama ni mama zake pia, kama hata Kiswahili chetu kinavyoshuhudia kinapomwita mmoja mama mkubwa na mwingine mama mdogo. Katika utaratibu kama huo kifo cha mzazi huleta huzuni, lakini hakimtoi mtoto katika ukoo. Bibi mzaa mama yupo, mama mdogo yupo, mjomba yupo. Mtoto huhama nyumba bila kuhama jina wala nasaba. Hapakuwa na haja ya hati, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichobadilika kinachohitaji kuandikwa.

Hata hivyo, isitudanganye shauku ya kuwasifu wahenga. Haki ile ile iliyompa mjomba wajibu wa kulea ndiyo iliyompa pia uwezo wa kumweka mpwa wake rehani wakati wa njaa au wakati wa deni zito la ukoo. Mtoto alikuwa mali ya wote, na mali ya wote huweza kutumiwa kwa haja ya wote. Kwa hiyo ukoo ulikuwa ngao ya mtoto, na katika siku mbaya uliweza kuwa mlango wa kumtoa. Mwenye kuandika historia ya malezi hana budi kuyaweka yote mawili katika mizani.

Karne ya kumi na tisa iliufungua mlango huo kwa nguvu. Misafara iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi ilipita katika nchi ya Usagara, na biashara ya watumwa iliwang'oa watoto katika koo zao na kuwapeleka wasikojulikana. Ndipo alipotokea mtoto wa namna mpya, mtoto asiye na mjomba. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto wa namna hiyo kwa fedha, wakawaweka pamoja, wakawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Walipokua, baadhi yao waliozwa wao kwa wao na kupelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo. Mhonda, katika milima ya Unguu kaskazini mwa Kilosa, ilianzishwa mwaka 1877. Inafaa msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Nyumba za kulelea watoto katika upande huu wa nchi zilizaliwa na biashara iliyovunja koo. Zilikuwa dawa ya jeraha fulani, na jeraha hilo lilikuwa kukosa ndugu.

Ilipofika reli ya kati, ambayo ilikuwa Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, Kilosa ikawa mahali pa mashamba ya mkonge. Manamba walikuja kutoka kila upande, wakaishi kambini Kimamba na Rudewa, wakazaa watoto ambao koo zao zilikuwa mbali kwa mwendo wa majuma. Mtoto wa kambini alipofiwa, mara nyingi mlezi wake alikuwa jirani wa mstari ule ule wa nyumba. Ujirani ukaanza kufanya kazi ya ukoo. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sheria yake ya kuasili watoto, ile iliyojulikana baadaye kuwa Sura ya 335. Lakini ilikuwa sheria ya mahakama na mawakili, nayo ilikaa mbali na kambi na vijiji. Baada ya Uhuru, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilikusanya na kusawazisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mila za watu wa ukoo wa mama hazikuingizwa humo. Basi malezi ya Kilosa yakaendelea kukaa katika vichwa vya wazee, nje ya vitabu vya serikali.

Hapa twaomba kusema neno juu ya lugha, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yetu. Sheria ya leo ina maneno mawili makubwa: kuasili na malezi ya kambo. Kuasili kwatokana na asili. Maana yake ni kumpa mtoto asili mpya, na kukata ile ya kwanza. Mkaguru aweza kuuliza kwa haki, asili ya kwanza imekosa nini hata ikatwe? Mwislamu naye, na Waislamu ni wengi Kilosa, ana sababu ya kusita, maana dini yake yamsifu sana anayemlea yatima lakini haimruhusu kubadilisha nasaba yake. Ama neno kambo, limebeba mzigo wa hadithi zote za mama wa kambo tulizosimuliwa utotoni. Msemo wasema mama wa kambo si mama. Ni vigumu kumwalika mtu katika wema kwa jina linalomtukana. Ingefaa wanalugha na wanasheria wakae pamoja walitazame jambo hili upya.

Sasa tugeukie hesabu. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa uchunguzi wake juu ya kuasili watoto duniani. Ulikadiria kwamba watoto 260,000 hivi huasiliwa kila mwaka, karibu nusu yao katika Marekani peke yake; na kwamba katika kila watoto 100,000 hawafiki 12 wanaoasiliwa kwa mwaka. Kuasili kwa kuvuka mipaka ya nchi kulifika kilele mwaka 2004, watoto wapatao 45,000, kisha kukashuka mfululizo. Kenya ilisimamisha kuwatoa watoto wake kwa wageni mwaka 2014. China, iliyokuwa chimbuko kubwa kuliko zote, ilifunga mlango huo mwaka 2024.

Tukirudi kwetu, uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya sita wa chini ya miaka 18 hakuwa akiishi na mzazi wake hata mmoja. Tukihesabu kwa kipimo kile kile, hao ni zaidi ya 16,000 katika kila watoto 100,000. Tunajua kwamba hesabu hizi mbili hazilingani kwa kila hali, kwa kuwa ya kwanza yahesabu matukio ya mwaka mmoja na ya pili yahesabu hali iliyokutwa siku ya kuulizwa. Lakini hata tukitoa posho kubwa kwa tofauti hiyo, jambo moja labaki wazi. Kazi kubwa ya kulea watoto wasiokaa na wazazi wao hufanyika bila hakimu, bila hati na bila kumbukumbu. Wengi wa watoto hao wazazi wao wako hai. Wamepelekwa kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa ajili ya shule, kazi au talaka. Aliyetaka kupima huruma ya Watanzania kwa idadi ya amri za kuasili zilizotolewa na Mahakama angepima bahari kwa kijiko.

Je, ukoo watosha? Tusiharakishe kujibu ndiyo. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulisafiri pamoja na watu katika barabara kuu, na mji kama Mikumi, wenye magari yanayolala njiani kati ya Dar es Salaam na Zambia, haukuweza kukaa kando. Huko Kagera watafiti waliwafuata watoto 718 ambao hawakuwa yatima walipohojiwa kati ya mwaka 1991 na 1994, wakawatafuta tena walipokuwa watu wazima mwaka 2004. Asilimia 19 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama walipungukiwa sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa shule, na upungufu huo haukufidiwa tena. Ndugu waliwapokea watoto hao, hilo halina shaka. Lakini kupokewa ni kitu kimoja na kushiba ni kingine.

Utafiti wa nje nao watufundisha upande wa pili. Mjini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 wataalamu waliwachunguza watoto wachanga 136 wa vituo vya serikali. Wengine waliachwa vituoni, wengine wakapelekwa kwa kura katika familia za kuwalea. Waliopata familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kwa akili. Basi mtoto ahitaji mtu wake, na mtu huyo naye ahitaji msaada.

Kilosa yenyewe ina mfano uliounganisha mafunzo haya mawili. Katika kijiji cha Berega, kwenye hospitali iliyotokana na kazi ya wamisionari wa Kianglikana, kuna nyumba ya watoto wachanga. Gazeti la New York Times lilipoielezea mwaka 2009, ilikuwa na watoto wapatao ishirini, wengi wao mama zao walikufa kwa uzazi. Nyumba hiyo haikuwa ikiwatoa watoto waasiliwe. Ndugu walitakiwa wamlete mtoto pamoja na binti wa ukoo, akae naye, amnyweshe maziwa, amwogeshe, ajifunze kumtunza. Na mtoto alipofika umri wa miaka miwili au mitatu alirudi nyumbani kwao akiwa na mtu anayemjua. Ukoo una mlezi lakini hauna maziwa ya mtoto mchanga; hospitali ina maziwa lakini haina ukoo. Hapo kila upande ulitoa kilicho chake.

Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 iliweka utaratibu mpya wa malezi ya kambo na wa kuasili. Mgeni anayetaka kumwasili mtoto wa Tanzania yampasa awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, na amlee mtoto huyo miezi mitatu chini ya usimamizi wa ofisa wa ustawi wa jamii. Kizuizi hicho ni cha busara. Lakini sheria hiyo imejengwa zaidi kwa ajili ya yule anayefika ofisini, na bibi wa Mikumi anayelea wajukuu wanne hafiki.

Kutofika kwake kwaleta hasara tatu. Kwanza, mtoto aliyelelewa bila hati hana haki ya urithi kwa mlezi wake, na mashamba yanapogombewa hufukuzwa na wenye damu. Pili, jina la kulea hutumika kuficha utumishi. Msichana huchukuliwa kijijini kwa ahadi ya shule, akaishia jikoni mjini. Tatu, mlezi mwenyewe husahauliwa. Yule binti wa Berega, miaka yake aliyompa mtoto wa dada yake ilitoka wapi kama si katika ujana na shule yake?

Jambo la kutia moyo ni kwamba chanzo kimoja cha uyatima kinapungua. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015 hadi 2016. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Mtoto bora wa kulelewa ni yule ambaye mamaye hakufa.

Kwa waliobaki, ushauri wetu ni mwepesi. Kila serikali ya kijiji iwe na daftari lenye jina la mtoto asiyekaa na wazazi, jina la anayemlea, na kama mtoto yuko shuleni. Daftari hilo lisikate nasaba ya mtu wala kumfikisha bibi mahakamani. Litamfanya mlezi aonekane msaada unapogawiwa, na mtoto aulizwe habari zake asipoonekana darasani. Wahenga walisema pia kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kama ni kazi, basi wanaoifanya nao wahesabiwe miongoni mwa wafanyakazi wa taifa hili.