Nchi moja, majira mawili, serveri moja

Bandugu, kila mtu aliyepanda ndege Kolwezi kwenda Kinshasa anajua: ukifika, unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Kinshasa inafuata UTC+1, siye huku Lualaba UTC+2. Nilizoea hiyo tangu utoto. Sikuwaza kama siku moja itamfanya papa wa watu aitwe muongo.

Kisha lisansi ya agronomi, nilipata kazi ya kukusanya takwimu za mvula karibu na ziwa la Nzilo. Papa mmoja alikuwa anaandika mvula mu kaye yake. Pembeni kulikuwa kipimo cha otomatiki kinachotuma saa na milimita kwenye serveri ya PostgreSQL. Kaye ilisema mvula ilinyesha tarehe 1 Novemba; serveri ilisema 31 Oktoba. Wakubwa wa kazi walitaka kumwondoa. Yeye akaniambia: "Mutoto wangu, mvula ilianza kisha katikati ya usiku. Nyumba yangu inavuja, njo maana najua."

Nikafungua faili la mipangilio, postgresql.conf. Lilisema Africa/Lubumbashi. Sawasawa kabisa! Basi kosa liko wapi?

Historia ndiyo ilijibu. PostgreSQL ilianza kama mradi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1986. Kwa miaka mingi, mipangilio ya serveri nzima ilibadilishwa kwa mkono ndani ya faili lile. Toleo 9.4 la mwaka 2014 likaleta amri ALTER SYSTEM, ambayo huandika kwenye faili la pili, postgresql.auto.conf. Hilo husomwa mwisho, na la mwisho ndilo linashinda. Mtu aliyetangulia kazini alikuwa ameandika humo Africa/Kinshasa. Mvula ya saa 0:20 kwetu, serveri iliihesabu saa 23:20 ya jana yake.

Nilitumia ALTER SYSTEM RESET, serveri ikasoma mafaili upya, tarehe zikalingana na kaye.

Tangu hapo siulizi faili, nauliza serveri yenyewe. Jedwali pg_settings linaonyesha thamani inayotumika, na faili na mstari ilikotoka. Jedwali pg_file_settings, lililokuja na toleo 9.5, linaonyesha mistari yote, hata ile iliyoshindwa. Tena tulikubaliana: mipangilio inaandikwa mahali pamoja tu, na kila badiliko linabeba tarehe na sababu.

Papa angali anaandika. Mbele ya kumwita mtu muongo, bandugu, tuangalie kwanza saa ya mashine.