Kazi Isiyo na Cheo: Wasimamizi wa Bahari Mombasa Bara

Kijana wa Likoni au Kisauni akitaka kuajiriwa kusimamia wanyamapori, ataambiwa aende chuo kikuu au Naivasha, kwenye Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Naivasha ni mji wa ziwa la maji baridi, mamia ya kilomita kutoka mwambao. Sina ugomvi na Naivasha. Hoja yangu ni kwamba sheria zetu zimekwisha kumfanya mvuvi kuwa msimamizi wa bahari, ila mfumo wa ajira haujakubali kuwa anachofanya ni kazi.

Kanuni za 2007 ziliunda vikundi vya kusimamia fuo, BMU, vinavyowakutanisha wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi na mama karanga, yaani wanawake wakaanga samaki. Sheria ya Uvuvi ya 2016 ikavipa nguvu zaidi. Vikundi hivi husajili vyombo, huweka takwimu, hufanya doria na hutunga sheria ndogo za bandari zao. Majukumu hayo yakiwekwa kwenye tangazo la kazi serikalini, sharti la kwanza lingekuwa diploma. Kwenye BMU hufanywa kwa kujitolea, na posho, ikipatikana, hutokana na ada za wavuvi wenyewe.

Mtazame mwandishi wa takwimu mzoefu ngalawa inapotua. Kabla mchuuzi hajaondoka na ndoo, anaandika chombo, zana, aina ya samaki na kilo. Kisha anaangalia ukubwa wa tafi. Akiona wamechanganyika na vidogo visivyofaa hata kukaangwa, hushuku juya, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku tangu 2001, hata kama fomu inasema mitego ya malema. Fomu haina mahali pa kuandika shaka hiyo, na afisa aliyehamishiwa pwani juzi huenda asiione kabisa.

Kwenye mikoko gharama ya kutojua ni kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta kuwa kati ya 1992 na 2009 mkono wa bahari wa Tudor, unaopakana na Kisauni na Mikindani, ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Ukataji, majitaka na udongo ulioletwa na mafuriko ya El Niño ya 1997–98 vyote vimetajwa. Hapo juhudi za kupanda ni za lazima, lakini miche mingi hufa kwa kupandwa isipostahili: mkoko mwekundu hubandikwa ukingoni mwa maji, mahali pa mlilana, ukang'olewa na mawimbi. Wapandaji wa Mikindani wanaojua kazi huchuma mbegu iliyokwisha kuonyesha pete ya njano shingoni. Isiyo na pete huiacha juu ya mti.

Atakayenipinga atasema kwamba juya nalo lilivutwa na wenyeji, na kwamba makadirio ya akiba ya samaki hayafanywi kwa macho. Kweli. Ndiyo maana tunaihitaji KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao makuu Mkomani, na ndiyo maana mwenyeji naye apewe mafunzo. Lakini tutazame Bamburi. Mswisi René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje hayakuoza hadi alipoleta jongoo kuyatafuna, na polepole udongo ukapatikana. Elimu alikuwa nayo, lakini kilichofufua machimbo ni miaka aliyokaa palepale akijaribu. Afisa anayehamishwa kila mara hapewi miaka hiyo. Mwandishi wa takwimu wa Mtongwe, huko Likoni, anayo tayari.

Chombo cha kisheria kipo. Sheria ya 2014 ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu imefungua mlango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi wa gari anaweza kupimwa na kupewa cheti kwa anachokijua. Sioni kwa nini mpanda mikoko asipimwe vivyo hivyo. Nayo Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti shughuli za uvuvi, kwa hiyo hakuna haja ya kuingojea Nairobi. Kaunti ya Mombasa iweke katika muundo wake wa utumishi daraja la msaidizi wa uvuvi na mikoko, mwenye mshahara na njia ya kupanda hadi diploma, na nafasi za kwanza zitangazwe bandarini, Likoni na Kisauni, kabla hazijatangazwa magazetini.